Je, Wajua? Bamba la Saruji, Bamba la Kioo, Bamba la Dunia

JE, WAJUA kwamba slabu ya zege haikauki? Inakunywa. Saruji ikikutana na maji huota fuwele ndogo ndogo zinazosukana kama nyuzi za mkeka, na yale maji huingia ndani ya jiwe jipya yakakaa humo. Ndiyo maana zege hushika hata chini ya mto. Adui wa slabu changa ni jua na upepo, na Garissa haijanyimwa kimoja wala kingine. Maji yakitoroka mapema, uso wa slabu hupasuka mfano wa matope ya laga, ule mto wa msimu, mwezi mmoja baada ya mvua.

Tazama mafundi wa Garissa wanaojua kazi. Wanamwaga alfajiri, jua likiwa bado changa. Kufika adhuhuri magunia yamekwisha kutandazwa juu yake na kijana mmoja amepewa mpira wa maji, kazi yake ni hiyo tu. Baada ya wiki moja zege huwa limepata kama theluthi mbili za nguvu zake. Wahandisi hulipima rasmi siku ya 28. "Abti, iache inywe," fundi humwambia mwenye nyumba anayetaka mbao za chini zitolewe haraka akajengee kwingine. Nami nalijua hili kwa gharama: slabu ya choo chetu ilipasuka siku ya pili, kwa kuwa pipa lilikwisha na mwenye mkokoteni wa punda aliyetumwa maji alirudi magharibi.

JE, WAJUA kwa nini nondo na zege wanaishi pamoja bila kugombana? Kwa bahati ya maumbile. Vitu vyote hutanuka vikipata joto, kila kimoja kwa kiasi chake, na chuma na zege hutanuka karibu sawasawa: slabu ya mita 10 ikiongezeka joto kwa nyuzi 30 hurefuka milimita 3 hivi, na chuma kilicho ndani yake hurefuka karibu hivyo hivyo. Tungetumia nondo za alumini, ambayo hutanuka karibu maradufu, kila adhuhuri ingekuwa vita ndani ya dari. Aliyepata hati miliki ya kwanza maarufu ya kuchanganya viwili hivi ni mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, mwaka 1867. Alichokuwa akitafuta ni vyungu vya maua visivyovunjika.

WAJUA kwa nini nyumba ya slabu huwa moto zaidi jioni kuliko mchana? Joto hutembea ndani ya zege polepole sana. Kwa slabu ya sentimita 15, wimbi la joto lililoingia juu saa saba mchana huchukua kama saa nne kutokea chini. Kwa hiyo dari hukufikishia adhuhuri saa kumi na moja jioni, na huendelea kukupa hadi usiku mkuu. Wanaotoa mikeka na magodoro nje usiku hawakuhitaji hesabu za Joseph Fourier wa mwaka 1822, lakini hesabu zinakubaliana nao.

JE, WAJUA kwamba kuna kibamba kinachoweza kuwa baridi kuliko hewa huku kimeanikwa juani? Hili nililikataa niliposikia mara ya kwanza. Mwaka 2014, Aaswath Raman, Shanhui Fan na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza katika jarida la Nature kibamba cha tabaka saba za oksidi ya hafiniamu na oksidi ya silikoni, nyembamba kupindukia, juu ya fedha. Kinarudisha asilimia 97 ya mwanga wa jua. Lakini siri yake ni nyingine: joto kilicho nalo hukitoka kwa miali ambayo hewa haiizuii, ikapita moja kwa moja hadi angani kwenye ubaridi usio na mwisho. Juu ya paa, jua kali, kilishuka karibu nyuzi 5 chini ya joto la hewa. Bila umeme. Kazi hii hupenda anga kavu lisilo na mawingu. Unyevu mwingi huziba mlango ule wa angani. Huko Chuo Kikuu cha Purdue, pia Marekani, mwaka 2021 walitoa rangi nyeupe ya salfati ya bariamu inayorudisha asilimia 98 ya mwanga wa jua. Rangi ni rahisi kupaka kuliko tabaka saba. Nikichagua utafiti mmoja wa kuletwa Garissa kesho asubuhi, ni huo wa rangi.

Mabati je? Bati jipya linalong'aa hurudisha mwanga mwingi, ndiyo, lakini ni bahili wa kutoa joto lililokwisha kuingia. Ukipaka chokaa nyeupe juu yake, hurudisha mwanga na pia hutoa joto. Na kumbuka dukani: namba ya geji ikipanda, bati linapungua unene. Geji 32 ni jembamba kuliko geji 28, hata muuzaji akikutajia kwa sauti nene.

JE, WAJUA ni paneli ngapi zimelala kwenye mtambo wa umemejua wa Garissa? 206,272. Kila moja ina uwezo wa wati 265. Zidisha, utapata megawati 54.66. Mtambo uko kwenye ekari zipatazo 210, ni wa shirika la serikali la REREC, umejengwa kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, na ulifunguliwa rasmi tarehe 13 Desemba 2019 na Rais Uhuru Kenyatta.

Rangi ya bluu ya paneli kama hizo haikutokana na rangi yoyote. Silikoni tupu ni ya kijivu na inang'aa. Hurudisha kama theluthi ya mwanga unaoiangukia, hasara kubwa kwa kitu kilichonunuliwa kula mwanga. Basi viwandani huipaka utando wa nitridi ya silikoni wa nanometa 75 hivi, yaani unywele mmoja ukipasuliwa karibu mara elfu. Unene huo umepimwa makusudi. Mwanga unaorudi kutoka uso wa juu wa utando na ule unaorudi kutoka uso wa chini hukutana vibaya, wimbi likipanda lingine linashuka, wakauana. Hilo hutokea barabara kwa mwanga wa manjano na mwekundu, ambao kwa kukosa njia ya kurudi huingia ndani ukafanya kazi. Bluu kidogo huponyoka. Ndiyo hiyo uionayo. Mafuta yaliyomwagika juu ya maji ya dimbwi hucheza mchezo huo huo na hakuna anayeyasifu.

Sasa jambo la kuudhi: paneli hupenda jua lakini huchukia joto. Uwezo ulioandikwa mgongoni mwake umepimwa ikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi moja juu ya hapo, paneli ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu. Juani mchana hufika nyuzi 60 bila taabu, na hapo sehemu moja kati ya saba ya umeme imekwenda. Jua linatoa kwa mkono wa kulia, likidokoa kwa wa kushoto.

UNAKUMBUKA kile kipande cha kioo cha mtihani wa fizikia? Cha mstatili, kizito, pembe zimemeguka kwa kuangushwa na vidato vilivyotangulia. Unakilaza juu ya karatasi, unachomeka pini mbili upande huu, unafumba jicho moja, unachungulia upande wa pili na kuchomeka nyingine mbili hadi pini zote nne zisimame mstari mmoja. Ukikiondoa, mistari miwili haikutani: nuru iliingia, ikapinda, ikatoka ikiwa sambamba na ilivyokuwa ila imesogea pembeni kidogo. Tuliambiwa kanuni hiyo ni ya Snell, Mholanzi wa karne ya 17. Hatukuambiwa kwamba Ibn Sahl wa Baghdad aliitumia kanuni ile ile mwaka 984 hivi, akichora lenzi za kukusanya jua. Mwanahistoria Roshdi Rashed ndiye aliyeufufua muswada huo na kuutangaza mwaka 1990. Walimu wa fizikia wa Garissa, hii ni zawadi yenu. Mpeni Ibn Sahl nafasi yake ubaoni.

Na maji yale yanayong'aa barabarani mbele ya gari, ukiyafikia yamekwisha kuhama? Mazigazi. Lami ya moto huichemsha hewa iliyoigusa, ikawa nyepesi kuliko iliyo juu yake, na hewa ikawa imepangika kama vibamba vya kioo vya aina mbalimbali. Nuru ya mbingu ikishuka humo hupinda kidogo kidogo hadi ikageuka kwenda juu, machoni mwako. Unachokiona ni kipande cha mbingu. Mfaransa Gaspard Monge alilieleza hilo mwaka 1798 baada ya askari wa Napoleon wenye kiu kuhangaishwa nalo Misri. Mwenye kiu anayedhania mazigazi ni maji yumo tayari katika Surat An-Nur, aya ya 39.

Nuru ikiwa ndani ya kioo na ikagonga ukingo kwa mlalo wa kutosha, haitoki, hurudi yote. Ifungie kati ya nyuso mbili za kibamba chembamba na itasafiri humo kama maji mferejini. Ndivyo vinavyoundwa vipitishio vya nuru ndani ya chipu, na ndugu yake wa duara ni uzi wa kioo unaoleta intaneti. Charles Kao alionyesha mwaka 1966 kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha nuru itafika mbali. Nobel alipewa mwaka 2009. Miaka 43 ya kusubiri.

Tena kuna bamba la fedha. Kwa karne nzima iliaminika kwamba hadubini ya nuru haiwezi kuona kitu kidogo sana kuliko nusu ya wimbi la nuru yenyewe. John Pendry wa London aliandika mwaka 2000 kwamba bamba bapa la kitu cha ajabu, kinachopindisha nuru kinyume, lingevuka mpaka huo. Mwaka 2005 watafiti wa Berkeley walitumia utando wa fedha wa nanometa 35 wakavuka kweli. Lenzi bapa!

SASA twende El Wak, kule Mandera, na hapa naomba tukae kidogo. Jina lenyewe ni visima: ceel ni kisima kwa Kisomali, na Waaq ni jina la Mungu katika dini ya kale ya Wakushi kabla ya Uislamu. Wanajiolojia wanaijua El Wak kwa kitu kingine: jasi. Ni jiwe laini, ukilikwaruza kwa kucha linaacha alama, na zaidi ya sehemu moja kwa tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Ndiyo, katika nchi ya ukame kuna jiwe ambalo kila kilo yake ina gramu 209 za maji. Ukilichoma hadi nyuzi 150 hivi, robo tatu ya maji hayo hukimbia na kubaki unga mweupe. Ukiutia maji tena huyarudisha mwilini ukawa jiwe tena kwa dakika chache. Huo ndio unga wa kufungia mifupa iliyovunjika hospitalini, na ndio ulio ndani ya zile bodi za jipsamu za dari.

Bila jasi fundi wetu wa slabu asingefanya kazi. Viwandani husaga jasi kidogo, asilimia 3 hadi 5 hivi, pamoja na saruji. Bila hiyo saruji huganda mara tu inapoguswa na maji, kabla hata hujaishusha kwenye toroli.

Lakini jasi ina sura ya pili. Ikiota polepole hutoa mabamba angavu kama kioo, yanayochanika kwa tabaka. Warumi waliyachimba Hispania na kuyatia madirishani kabla kioo cha dirisha hakijawa cha kawaida. Bamba hilo hilo, likichanwa kwa unene maalumu na kuwekwa kwenye hadubini yenye vichujio vya kuelekeza nuru upande mmoja, hufanya uwanja wote uwe wa zambarau-nyekundu. Weka fuwele yoyote mbele yake, nayo itageuka manjano au bluu kulingana na ilivyolala.

Hapo ndipo wapenzi wa nyama wanaingia. Mwaka 1961 Daniel McCarty na Joseph Hollander, madaktari wa Philadelphia, walitazama maji ya goti lililovimba kwa hadubini ya namna hii, wakaziona sindano za fuwele za jongo, ugonjwa unaowaandama wapenzi hao. Sindano ya jongo ikilala sambamba na mhimili wa bamba ni ya manjano. Ikikingama ni bluu. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na jongo ambao fuwele zake hugeuza rangi kinyume. Jiwe la dari, likikatwa vyema, linamwambia daktari goti lako linaumwa nini.

JE, WAJUA jinsi ya kuona ndani ya jiwe? Likate bamba, libandike kwenye kioo, lisage mpaka libaki na unene wa milimita 0.03. Jiwe jeusi la volkeno huwa angavu kama dirisha la msikiti lenye vioo vya rangi. Mwingereza Henry Clifton Sorby alianza kufanya hivyo katikati ya karne ya 19, na wenzake wakamcheka kwamba milima haichunguzwi kwa hadubini.

Wajir ina mawe ya chokaa, na ndani ya chokaa mna visima vifupi vya mji ule. Ukitaka kulijua jiwe hilo, lichome kwenye tanuri la nyuzi 900: litapoteza asilimia 44 ya uzito likitoa hewa ya kaboni. Ukilipaka ukutani litaivuta hewa hiyo hiyo tena miaka mingi, likirudi kuwa jiwe. Mafundi wa Lamu na Zanzibar walifanya hivyo kwa matumbawe.

NA CHINI ya yote haya? Garissa, Wajir na Mandera zimekaa juu ya bamba la Somalia. Nairobi pia, maana mpaka wake na bamba la Nubia ni Bonde la Ufa, kule magharibi. Tafadhali msipeleke habari hii kwenye mikutano ya siasa. Mabamba hayo mawili yanaachana milimita 3 hadi 6 hivi kwa mwaka. Kucha zako humaliza safari hiyo kwa miezi miwili.

Garissa ina bonde la ufa lake mwenyewe, ila hulioni. Bonde la Anza lilichanika enzi za dainosaria, kutoka upande wa Turkana kushuka kusini mashariki hadi karibu na Lamu, kisha likaghairi. Mito ikalijaza mashapo, mahali pengine zaidi ya kilomita 5 kwenda chini, na juu pakabaki tambarare ile ambayo msafiri huiita tupu. Katika mashapo machanga ya juu yake ndimo yalimo maji ya ardhini yaitwayo Merti, yanayovutwa kwa visima virefu na kunywesha kambi za wakimbizi za Dadaab tangu zilipoanza mwaka 1991. Pembezoni mwake maji ni ya chumvi, kwa hiyo kuchimba hapa au pale si jambo la kubahatisha.

JE, WAJUA kwa nini Afrika inatambaa? Injini kubwa ya mabamba ni uzito. Sakafu ya bahari ikizeeka hupoa, ikawa nzito, ikazama ndani ya koti la dunia ikiburuta iliyobaki nyuma, kama shuka linaloteleza kitandani kwa uzito wa upande ulioning'inia. Donald Forsyth na Seiya Uyeda walilipima hilo mwaka 1975: mabamba yenye mkia mrefu unaozama ndiyo yanayokimbia. La Pasifiki hufika sentimita 10 kwa mwaka mahali pengine. Afrika imezungukwa karibu kote na kingo zinazofunguka. Inazama kwa kipande kidogo tu, kule chini ya Krete na kusini mwa Italia. Kwa hiyo sentimita 2 hivi zinatosha.

Kuzama kwa wengine kunatufikia hata hivyo. Tarehe 26 Desemba 2004, bamba linalozama chini ya Sumatra lilikwama kisha likaachia kwa urefu wa kilomita 1,300. Baada ya mwendo wa saa saba wimbi liliipiga Hafun, kaskazini mwa Somalia, na watu wapatao 300 wakafa katika nchi hiyo. Malindi alikufa mmoja.

Na si kila bamba hulala. Septemba 2005, Afar nchini Ethiopia, magma ilipanda ikajichomeka ardhini kama kisu: ukuta wa kilomita 60, unene wake ukifika mita 8. Miaka mingi ya kuachana ikalipwa kwa siku chache. Julai 2007 mdogo wake alijichomeka karibu na Ziwa Natron, na waliokuwa kwenye maghorofa ya Nairobi wanakumbuka walivyoshuka ngazi. Lakini ule ufa wa Mai Mahiu wa Machi 2018, uliotangazwa duniani kote kwamba Afrika inapasuka? Wanajiolojia wengi walisema ni mvua, imesafisha majivu ya volkeno yaliyojaa kwenye ufa wa zamani.

BADO bamba moja, la mbao. Wasomali huliita loox, na kila duksi ya Garissa, yaani madrasa ya Qurani, inalo. Wino wake ni mkaa uliosagwa, maji na gundi ya mgunga, ile ile inayogemwa kwa ajili ya kuuzwa nje katika kaunti hizi kavu. Mkaa ni karibu kaboni tupu, jua haliwezi kuupausha. Aya iliyoandikwa Jumamosi ni nyeusi vile vile Jumatano. Lakini gundi iliyoushikilia huyeyuka kwa maji. Mtoto akishahifadhi, anamimina kopo moja, anasugua kwa kiganja, maji yanashuka meusi hadi kwenye vidole vya miguu, na ubao unaegemezwa ukutani upande wa jua. Huu ndio unaokauka. Robo saa haifiki, anauchukua.